Aliyelia Mlangoni

Kiwandani walimwita Bi Uzi, kwa sababu kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kushona vitabu. Karatasi kubwa zilitoka kwenye mtambo zimechapwa kurasa kumi na sita kila moja, zikakunjwa zikawa mafungu, mafungu yakapangwa kwa mfuatano, kisha yeye akayapitisha chini ya sindano ya mashine yake, uzi mweupe ukayashika mgongoni. Kutoka kwake kitabu kilikwenda meza ya jirani kupakwa gundi na kuvishwa jalada. Meza hiyo ilikuwa ya rafiki yake, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye naye kazi ilimpa jina: Mama Gundi. Wawili hao walipanga nyumba za kupakana, walikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja, na watani wa kiwandani walisema kitabu kikianza kumwaga kurasa, ujue hao wamenuniana.

Bi Uzi alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, naye alikuwa mtunzi wa hadithi. Si mtunzi wa hivi hivi. Vitabu vyake vilisomwa na wauza duka, walimu, madereva, na wasichana waliovificha chini ya madawati. Vilikuwa vya kutoa machozi, na hakuna aliyevinunua kwa lengo jingine. Ndani yake mtu mwema hujulikana kwa kulia. Anayelia ukurasa wa ishirini, hata awe mlevi, mwisho ataonekana ana utu. Mwenye macho makavu, hata awe anafagia uwanja wa yatima kila asubuhi, ujue kuna jambo kaficha. Wasomaji walimwandikia barua zenye madoa, naye alizisoma na kulia juu yake, barua moja ikabeba machozi ya watu wawili.

Hakuwa akijifanya. Hilo Bi Uzi alilijua kuliko mtu yeyote. Tangu utotoni, siku ya kuchinja kuku mdogo wake alijifungia chumbani akaziba masikio, na dada mtu ndiye aliyeshika miguu ya kuku. Baba yao alipopondwa mguu na gogo, mtoto wa kiume alizimia, dada mtu akajifunza kuosha kidonda na kufunga bandeji. "Huyu kaumbwa na moyo laini," mama yao alikuwa akisema, akimpapasa kichwa. "Tusimtwishe mambo." Yale ambayo hakutwishwa yeye yalibaki pale pale sakafuni, na wa kuyaokota alikuwa mmoja.

Kwa hiyo mama alipopata kiharusi, baba akiwa ametangulia zamani, hapakuwa na mjadala mrefu. Mtunzi alikuwa na nyumba ya vyumba vinne na mke. Bi Uzi alikuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, unga wa mbao ukiingia chini ya mlango. Lakini Mtunzi alisema, "Dada, nikimwona mama vile kila siku, sitaandika tena hata mstari mmoja." Na mama, kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu, akamuunga mkono: "Mwache mwenzio. Atakufa kabla yangu."

Mama alilazwa chumba cha mbele, akakaa miezi kumi na minne.

Bi Uzi aliamka kabla ya mapambazuko. Alimgeuza mama, akabadilisha shuka, akamwosha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko akisubiri kila funda lishuke, kisha akakimbilia kazini. Saa ya chakula yeye na Mama Gundi walipokezana: leo huyu anakimbia nyumbani kumgeuza mgonjwa, kesho yule. Jioni alirudi akakuta mzigo wa nguo, akaufua, akaanika, akakaa kitandani kwa mama na kitabu. Maana mama alitaka kusomewa, na alitaka kusomewa vya mwanawe tu.

Kulikuwa na kimoja alichokipenda kupita vyote, cha mjane aliyetelekezwa na watoto wake kibandani. Kila walipofika pale mjane anapoita majina ya wanawe kwa zamu, mama alilia mpaka mto ukalowa.

"Maskini mama wa watu," alisema. "Hana hata wa kumpa maji. Unaona mdogo wako alivyo na huruma? Angalia anavyowaza mambo ya watu."

"Naona, mama."

"Wewe unasoma kama unasoma orodha ya nguo za dobi. Yeye akinisomea, sauti inatetemeka."

Mtunzi alikuwa amemsomea mara moja, miaka sita nyuma. Bi Uzi alimfuta mama machozi, akaugeuza mto upande mkavu, akaendelea na mjane.

Halafu vikaja vidonda vya kulala. Kimoja kilianza kiunoni kama alama ya kidole, kikachimba mpaka kikawa cha kuingia yai. Kila siku ilibidi kioshwe kwa maji ya chumvi. Mama alilalamika, "Mkono wako mgumu wewe. Una mkono wa fundi." Ilikuwa kweli, vidole vyake vilikuwa na sugu za uzi na sindano. Alijaribu kutumia upande wa kiganja. Wakati akiosha alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili mama ashike hesabu asishike maumivu, na wakati mwingine walifika mia tatu. Mama Gundi alipoona mara ya kwanza alitoka nje akashika ukuta. Lakini alirudi ndani, akashika beseni. Kuanzia siku hiyo Bi Uzi alimhesabu kuwa ndugu.

Mtunzi aliandika barua. Zilikuwa barua nzuri, lazima isemwe. Mama alizihifadhi chini ya godoro na kudai zisomwe tena na tena.

Mwezi wa tisa wa ugonjwa jino la Bi Uzi liliuma mpaka shavu likavimba. Akampigia simu mdogo wake: aje Jumamosi moja tu, akae na mama kutwa, yeye akang'oe jino na kulala saa mbili tatu. Mtunzi alikubali haraka, kwa sauti ya kuguswa.

Alikuja saa nne, amevaa shati safi, ameshika maua. Bi Uzi alikuwa bado anaosha kidonda, mama amelazwa ubavu, mgongo wazi. Mtunzi alifungua mlango, akasimama kizingitini. Harufu ilimfikia kwanza, kisha macho yake yakafika. Maua yalimdondoka. Akaweka kiganja mdomoni, akaangua kilio kile cha kwikwi ambacho Bi Uzi alikifahamu tangu siku za kuku, akaserereka na fremu ya mlango mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

"Dada, siwezi. Nisamehe, siwezi. Nikiona vile, ninakufa mimi."

Mama alilia kitandani, "Mwangalieni. Mwangalieni mwanangu. Mpe maji, wewe. Usimwache hivyo."

Bi Uzi akamfunika mama kwa shuka, kidonda hakijafungwa, akampelekea mdogo wake glasi ya maji, akamshika bega mpaka kwikwi zikapungua. Shavu lake mwenyewe lilikuwa linapiga kama ngoma. Mtunzi akanywa, akatazama ndani mara moja, akageuza uso. Haikufika saa sita alikuwa ameondoka.

Bi Uzi aliporudi kumalizia bandeji, mama alikuwa ametulia, uso wake umenawiri kuliko siku zote za mwezi ule.

"Umemwona alivyolia?" alisema. "Siku nikifa, najua kuna mtu aliyenipenda."

Bi Uzi alimaliza kufunga. Jino aling'oa Jumanne, saa ya chakula, akarudi kazini na pamba mdomoni. Mama Gundi alimwuliza mgeni alikaaje. Akajibu kwa kichwa tu. Pamba ilimpa sababu.

Wiki ya mwisho mama alishindwa kumeza. Kila alichopewa kilimpalia, akawa bluu midomoni. Daktari alikuja, akamsikiliza kifua, akamwita Bi Uzi pembeni, Mama Gundi naye akiwa pale. Akasema waziwazi: asipewe maji kwa kikombe, hata kidogo, yatashuka mapafuni na atakufa kwa kuzama akiwa kitandani. Alowanishwe midomo kwa kitambaa, basi.

Siku mbili mama aliomba maji. Kwanza aliomba, kisha akabembeleza, kisha akatukana. Alimwita binti yake majina ambayo hakuwahi kumwita katika maisha yake yote. Bi Uzi alikaa na bakuli mapajani, akachovya kitambaa, akakamua, akafuta midomo, akafuta ulimi, akachovya tena. Mama Gundi alishika bakuli pale mwenzake alipohitaji mikono miwili. Mara moja tu Bi Uzi alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama akitazama mbao za seremala zilizopangwa ukutani, akajikaza kisabuni, akarudi. Mama alikata roho mchana wa siku ya pili, kimya, kitambaa kikiwa mdomoni.

Mazishini Mtunzi alishikiliwa na watu wawili, mmoja kila upande. Alipoona jeneza linashuka miguu ilimwisha, wakamketisha, wakampepea. Wageni walilia kwa kumwona yeye. Bi Uzi alisimama karibu na shangazi yake mzee, akiwaza kama viti vya kukodi vitatosha na kama shangazi amekunywa dawa. Alisikia nyuma yake mwanamke akinong'ona, "Yule ndiye binti? Hata chozi?" Mwingine akajibu, "Kuna watu wameumbwa hivyo."

Kesho yake jioni, watu walipotawanyika, Mtunzi alibaki. Walikaa wawili tu kwenye ngazi. Akamshika dada yake mkono. "Niambie yote," alisema. "Sikuwepo. Usinifiche hata kimoja."

Na Bi Uzi, ambaye miezi kumi na minne hakuwa ameulizwa na mtu, alimwambia. Alimwambia habari za kidonda na hesabu za mpaka mia tatu. Alimwambia mama alivyosema mkono wake mgumu. Alimwambia habari za maji, matusi, kitambaa. Mtunzi alilia mfululizo, kichwa kimelala begani kwa dada yake, na kwa mara ya kwanza Bi Uzi alifikiri kwamba pengine moyo laini una kazi yake duniani: mwingine anabeba, mwingine anasikia. Alilala usingizi mzito siku ile. Alimpenda mdogo wake kuliko siku zote.

Miezi minane baadaye kitabu kipya cha Mtunzi kilifika kiwandani. Si jambo geni. Vingi vyake vilishonwa na dada yake. Kwa kawaida hakusoma. Fungu linapita mkononi, unaangalia namba ya pembeni, linaingia kwenye sindano. Lakini asubuhi ile sindano ilikatika, na alipokuwa akingoja fundi, jicho lake likaangukia fungu la kumi na moja. Aliona neno "mia tatu".

Akasoma amesimama.

Kulikuwa na mama mgonjwa wa kiharusi. Kulikuwa na kijana wake, mwenye moyo laini, aliyemwosha kidonda kila siku kwa maji ya chumvi huku akimhesabia polepole mpaka mia tatu, machozi yake yakidondoka ndani ya beseni. Na kulikuwa na dada mkubwa, mwanamke mkavu mwenye mikono ya fundi, aliyekaa pembeni ya kitanda siku mbili mama akiomba maji, asimpe. Hakulia wala hakusema kitu. Alichovya tu kitambaa, kama mtu anayefuta meza. Kisha kijana anaingia, mkono unamtetemeka, anamwinua mama kichwa, anamnywesha kikombe kizima. Mama anakunywa, anambariki kwa jina, anafumba macho kwa tabasamu.

Fundi alibadilisha sindano, akamwambia tayari. Ilibidi amwambie mara ya pili.

Jioni Bi Uzi hakumsubiri Mama Gundi. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamkuta sebuleni. Akatoa fungu la kumi na moja mkobani mwake. Akaliweka mezani. Mtunzi alilitambua, na macho yake yakalowa hata kabla hajasemeshwa.

"Ni hadithi tu, dada. Si wewe yule."

"Vidonda ni vya mama. Hesabu ni zangu. Maneno ya mkono mgumu nilikupa mimi, pale kwenye ngazi."

"Niliandika nikilia."

"Najua."

"Hujui. Kila neno nililia. Nilijiona nipo pale, dada. Moyoni nilikuwepo. Pengine kuliko..."

"Kuliko mimi?"

Mtunzi alifuta macho. "Wewe una nguvu. Mambo hayakuingii kama yanavyoniingia mimi. Sikusemi vibaya, kila mtu na alivyoumbwa."

Bi Uzi alikuwa ameapa njiani kwamba hatapandisha sauti, na hakupandisha.

"Sitaki ukifute kitabu," alisema. "Nataka mstari mmoja. Andika kwamba daktari alikataza maji. Basi. Umpe kijana vidonda, umpe hesabu, umpe baraka, vyote achukue. Lakini waambie kwamba yule mwanamke alikatazwa."

Mtunzi alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, Bi Uzi aliona. Alijaribu kweli kuuweka ule mstari mahali pake kichwani. Halafu akatikisa kichwa taratibu, kwa huzuni ya kweli.

"Nikiandika hivyo, hadithi inakufa. Yule kijana atakuwa amemuua mama yake."

"Ndiyo," alisema Bi Uzi. "Angemuua."

Mtunzi akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Mkewe akatoka jikoni, akamkumbatia kichwa, akamtazama Bi Uzi kwa macho ya kuomba. "Wifi, tafadhali. Hajalala vizuri wiki nzima, ni kitabu hiki. Unajua alivyo. Ukiwa na la kumwambia, niambie mimi."

"Sina zaidi," alisema Bi Uzi. Akachukua fungu lake, kwa sababu lilikuwa mali ya kiwanda, akaondoka.

Kesho yake alilirudisha mahali pake, akakaa kwenye mashine, akashona. Nakala zilikuwa elfu nne. Angeweza kuacha fungu moja hapa, kugeuza jingine kule. Kwa miaka kumi na tisa alijua njia ishirini za kuharibu kitabu bila kuonekana. Hakuharibu hata kimoja. Kazi ilikuwa ya kwake, na hakuwa tayari kumpa mdogo wake na hiyo pia.

Kitabu kilitoka, kikapokewa kama mvua. Mwuza magazeti wa pembeni ya kiwanda alikisoma akiwa amesimama akakosa kurudisha chenji. Wanawake wa kukunja karatasi walipeana nakala iliyokosewa jalada, wakaisoma kwa zamu saa ya chakula, macho mekundu. Wote walijua mtunzi ni ndugu yake nani. Waliacha tu kumtania.

Mama Gundi alichelewa kukisoma. Hakuwa mtu wa vitabu zaidi ya kuvipaka gundi. Alipokimaliza walikuwa wakirudi nyumbani jioni, wamefika kwenye kona ya karakana, mashine ya seremala imezimwa. Alisimama akahamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Shoga, nikuulize kitu. Usinielewe vibaya."

"Uliza."

"Siku zile za mwisho. Alipokuwa anaomba." Mama Gundi alitazama chini. "Kweli hukuweza kumpa hata tone?"

Bi Uzi alimwangalia. "Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umeshika bakuli."

"Nilikuwepo, ndiyo."

"Daktari alisema mbele yako."

"Alisema. Nakumbuka alisema." Macho ya Mama Gundi yalikuwa yamejaa machozi. "Lakini namna alivyoandika, mwenzangu. Yule mama anavyokunywa. Nimelia siku mbili. Nikawa najiuliza, kwani kikombe kimoja kingemfanya nini? Angekufa ameridhika."

Bi Uzi alikuwa ameweka akiba mtu mmoja duniani ambaye angeweza kusema, si hivyo ilivyokuwa, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake akipangusa pua kwa upande wa kanga.

"Nenda kapumzike," akamwambia. "Kesho kuna kazi nyingi."

Hawakugombana. Waliendelea kwenda kazini pamoja, ila sasa walizungumza habari za kazi tu. Baada ya muda Bi Uzi aliomba kuhamishiwa kwenye mashine ya kukatia kingo, ambako kitabu hufika kimefungwa, huoni ndani. Mtunzi alimtumia mwaliko wa sherehe ya kitabu, kisha barua ya kumsamehe kwa kutokuja.

Mwaka ule ule mama mkwe wa Mama Gundi alianguka bafuni akavunjika nyonga, akaletwa kulazwa kwa mwanawe. Bi Uzi alisubiri kuitwa. Alikuwa anajua kugeuza mgonjwa wa kitandani bila kumliza. Mtaani hapakuwa na mwingine anayejua. Siku ya nne, bila kuitwa, alivuka ua akaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Ajuza alikuwa kitandani, binti wa Mama Gundi kwenye kiti akisoma kitabu cha Mtunzi kwa sauti, Mama Gundi mwenyewe miguuni pa kitanda, na jirani mmoja ukutani. Wote wanne walikuwa wanalia, taratibu, kwa utamu. Bi Uzi aliisikia harufu kabla hajavuka kizingiti. Shuka lililokuwa chini ya ajuza lilikuwa limelowa, si la saa moja wala mbili.

Binti aliacha kusoma. Ajuza alimtazama mgeni, kisha akatazama mikono yake, akajivuta nyuma kidogo kwa kadiri nyonga ilivyomruhusu.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Mama Gundi alipangusa macho kwa kanga.

Bi Uzi alikunja mikono ya gauni, akaenda jikoni mwenyewe, akaweka maji motoni.